Pikipiki, tukutuku na moto: majina matatu ya chombo kimoja katika Bonde la Ruzizi

Katika makala hii ninachunguza majina matatu ya chombo kimoja, kwa kuanzia na matumizi ya kwetu Katogota, kando ya barabara ya taifa namba 5 kati ya Bukavu na Uvira. Majina hayo ni pikipiki, tukutuku na moto. Hili la tatu, lililotoka Kifaransa, ndilo linalotawala. Je, tutapoteza nini likiyafuta mengine mawili?

Pikipiki na tukutuku ni tanakali sauti: yanaiga mlio wa injini. Kwa kuwa kila moja lina kipande kinachorudiwa mara mbili, mtu anaweza kudhani kwamba uradidi huo unaiga injini za Kiingereza za silinda mbili. Dhana hiyo inaweza kupimwa.

Mwaka 1937, Edward Turner wa kampuni ya Triumph alitoa Speed Twin, yenye silinda mbili sambamba na ujazo wa sentimita za ujazo 498. Pistoni zake hupanda na kushuka pamoja, lakini huwasha mafuta kwa zamu. Hivyo kila mzunguko wa krenki una mlipuko mmoja, kwa nafasi sawa. Injini ya silinda moja ya mipigo minne hulipua mara moja katika mizunguko miwili. Baada ya vita, wengine walishika njia ya Turner: BSA kwa A7 ya 1946, Norton kwa Dominator ya 1949. Triumph nao walifikisha ujazo wa 649 katika Thunderbird ya 1949, kisha wakaja na Bonneville ya 1959 yenye kabureta mbili. Nguvu ilipoongezeka, mtetemo nao ulizidi, maana pistoni zinazokwenda pamoja hazisawazishani. Ndiyo sababu Norton Commando ya 1967 iliwekewa mipira kati ya injini na fremu.

Basi sikio halisikii milio miwili-miwili katika injini hizo. Linasikia mfululizo ulio sawa, wa haraka zaidi. Isitoshe, pikipiki nyingi za barabara yetu leo, za kutoka India na China, zina silinda moja, na tukutuku linazifaa vilevile. Uradidi hauhesabu silinda. Unaonyesha tendo linalojirudia, na wakati mwingine hata mlio haumo: bodaboda lilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, kwa baiskeli zilizovusha watu Busia.

Sasa tulitazame moto. Katika Kiswahili sanifu, upatanisho wa kisarufi huondoa utata: moto wa kuunguza uko ngeli ya 3, na moto ya kupanda iko ngeli ya 9.

Moto umezimika. (Jiko limepoa.)
Moto imezimika. (Injini imesimama.)

Wingi nao hutofautiana: mioto miwili, lakini moto mbili. Ila katika mazungumzo ya kila siku bondeni, vitu vingi visivyo na uhai huchukua i-, hata moto wa kuunguza. Hapo tunabaki na kitenzi na muktadha. Kupanda moto hakuna utata, wala kuota moto. Kuwasha na kuzima vinafaa kotekote.

Lakini kuna usemi usio na kitenzi wala upatanisho: ukelele. Mtu akipaza sauti “Moto!” barabarani, anamtaka mtoto asogee pembeni, au anawataka watu wote wakimbie? Sange, kwenye barabara hiyohiyo, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka, likawaka na kuua zaidi ya watu 200. Sidai kwamba neno lilisababisha vifo hivyo. Ninachosema ni kwamba katika bonde linalopitiwa na malori ya namna hiyo, neno la kutahadharisha moto halifai kuwa na kazi mbili.

Kwa hiyo sipendekezi kufuta moto. Wasemaji wamekwisha kulichagua. Napendekeza walimu wetu wasiliite tukutuku neno la wazee. Wanafunzi wajifunze yote matatu pamoja na upatanisho wake, na katika ukelele wa barabarani wahimizwe kutumia tukutuku au pikipiki. Neno moto libakizwe kwa ajili ya moto.