Elimu kwa Mkazi: Joto la Nyumba Hupangwa Kabla ya Msingi

Baridi ya Juni na Julai hapa Makete huwashawishi baadhi yetu kulala na jiko la mkaa chumbani. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu usingizini. Unapojenga nyumba mpya, zingatia haya.

Kwanza, madirisha makubwa yaelekee kaskazini, ambako jua hupita miezi hiyo. Sakafu ya zege huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku.

Pili, tandika nailoni nzito chini ya jamvi, unyevu usipande.

Tatu, weka dari, kwani joto hupanda na kupotelea kwenye bati.

Baridi ikizidi, ongeza blanketi. Jiko libaki nje.