Ruvu ya Kwetu, Vita na Mpaka

Ukitaja Ruvu hapa chuoni, wengi wanafikiria maji ya bomba ya Dar. Ruvu ya kwetu Mwanga ni nyingine kabisa. Inatoka Ziwa Jipe, inakutana na Kikuletwa pale bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu inashuka kando ya Milima ya Upare hadi baharini, na huko chini inaitwa Pangani. Sekondari tulikaririshwa Mkutano wa Berlin mpaka basi, lakini hakuna aliyetuambia kwamba mkataba uliotugawa unayataja maji ya kwetu kwa majina.

Mkataba wenyewe ni wa Novemba 1886, kati ya Waingereza na Wajerumani. Mstari uanzie mdomoni mwa mto Umba, uende moja kwa moja mpaka Jipe, uzunguke ziwa kwa mashariki na kaskazini, uvuke mto Lumi, kisha upite kati ya nchi ya Wataveta na ya Wachaga. Kwa maneno hayo Jipe yote ilikuwa ya Mjerumani; leo mpaka unapita ndani ya ziwa. Na Lumi ndio kichekesho: unaanzia Kilimanjaro, unaingia Kenya kupitia Taveta, unamwaga Jipe, na maji yaleyale yanarudi kwetu yakiitwa Ruvu. Hayagongewi muhuri popote.

Kwenye vita, mto ulifanya kazi tofauti. Wajerumani waliteka Taveta Agosti 1914 na kuishikilia hadi Machi 1916, pale askari wa Jenerali Smuts walipovuka Lumi kuelekea Chala na kuwazunguka. Siku chache baadaye wakapigana Kahe. Usiku wa tarehe 21 von Lettow-Vorbeck akaondoa jeshi lake, akavuka Ruvu, akarudi nyuma hadi Lembeni. Ndiyo, Lembeni hii hii ya kwetu. Daraja la reli la Kahe lilikuwa limeshalipuliwa, na masika yakafanya yaliyobaki: kwa wiki kadhaa Waingereza hawakusogea.

Mwezi Mei wakaanza tena. Wajerumani walikuwa wamejipanga kando ya reli ya Tanga–Moshi, chini ya milima, wakijua adui atakuja njia hiyo. Smuts akapeleka safu ndogo relini, nyingine ya KAR ikapitia pengo la Ngulu, lakini kundi kubwa akalishusha kwa kufuata mto. Ukiijua nyika ile kati ya Mwanga na Same utaelewa kwa nini: nje ya mto hakuna maji ya kunywesha maelfu ya watu na wanyama. Basi ule mto uliomkinga Mjerumani mwezi Machi, Mei ukawa barabara ya adui yake. Kabla Mei haijaisha Same ilikuwa imeshatekwa.

Vitabu vingi vinaishia kwa majenerali. Mizigo ilibebwa na wapagazi Waafrika, na katika kampeni nzima walikufa makumi ya maelfu, zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Wale wa upande wa Mwingereza waliitwa Carrier Corps. Ukishuka Kariakoo kununua viatu, jina ni hilo.

Kuna wanaosema mipaka yetu ingefuata mito tungepata amani. Mimi sikubaliani nao. Magharibi ya Ziwa Viktoria mpaka wa 1890 ulipigwa kwa rula juu ya latitudo ya digrii 1 kusini, ukaacha kipande cha Tanzania kaskazini ya mto Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kipande hicho, yakalipua daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba mpaka sasa ni mto. Kwenye ramani hoja yake ilipendeza, ila waliokuwa wakiishi ng'ambo ile waliuawa, wakaporwa, wakakimbia. Nyerere ndiye aliyesimamia azimio la OAU la Cairo, 1964, la kuheshimu mipaka tuliyorithi, hata ile ya ovyo.

Wa kwetu nao waliionja mipaka hiyo. Kuanzia 1977 hadi 1983 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na Jipe iko katikati. Nani alivua wapi miaka ile, na samaki waliuzwa soko gani? Anayetafuta mada ya utafiti wa mwaka wa tatu aanzie hapo, na awahi, maana wazee wanaokumbuka wanapungua na magugu yanazidi kulifunika ziwa.