Tiki Mbili za Bluu Si Jibu

Makundi ya WhatsApp hurahisisha kazi wodini: zamu hupangwa, majibu ya maabara hufuatiliwa, na ushauri wa daktari bingwa hupatikana. Hata hivyo, tiki mbili za bluu huonyesha tu kwamba ujumbe umefunguliwa, si kwamba hatua imechukuliwa. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua hasubiri ujumbe usomwe: anza huduma, piga simu, na uhakikishe aliyeipokea anakuja.

Kwa yasiyo ya dharura, andika kwa mpangilio: hali ya sasa, historia, tathmini yako, na unachoomba. Jina na picha ya uso wa mgonjwa visiwekwe kundini. Kila agizo liandikwe pia kwenye faili, kwani ujumbe hufutika.

Nawe mgonjwa, una haki ya kuuliza taarifa zako hutumwa kwa nani.