Usiulize ana diploma gani, uliza ametoka kazi gani

KONA YA YAYA

“Yaya, sisi ni akina mama wa Kikula, hapa Likasi. Tuna asbl yetu ndogo, chama kisichotafuta faida: tunasomesha mayatima na tunalima mboga. Michango ya wanachama haitoshi tena. Sasa wametujia watu watatu, kila mmoja anajiita mshauri wa kutafuta wafadhili na kutangaza kazi za asbl. Wa kwanza alikuwa mwandishi wa redio. Wa pili ni mhasibu wa zamani wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Wa tatu alikuwa kwenye shirika kubwa lisilo la kiserikali (ONG) Lubumbashi, ana gari na anaongea Kifaransa cha kupendeza. Akina mama wengi wanamtaka wa tatu. Wewe unasemaje?” — Katibu, Kikula

Mdogo wangu Katibu, nimekusikia. Wasalimie mama zetu wote. Naona lile gari limeshapigiwa kura kabla mwenyewe hajahojiwa! Tuliweke pembeni kwanza, tuongee.

Kazi hii ya ushauri haina baraza lake kama madaktari au mawakili. Yeyote anaweza kuamka asubuhi, akachapisha kadi na kujiita mshauri. Hata CFRE, cheti cha wachangishaji kinachojulikana duniani, hupewi kwa kukaa darasani tu. Lazima uonyeshe miaka uliyofanya kazi yenyewe na matokeo yake. Ndiyo maana diploma ya ukutani haitawaambia mengi. Kila mshauri ameingia kwa mlango wa kazi nyingine, na kazi hiyo ndiyo iliyompa jicho lake. Muulizeni alikuwa nani kabla ya kuwa mshauri.

Wala msimdharau mtu kwa kuwa ametoka mbali. Noëlla Coursaris Musunka, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa mwanamitindo wa kimataifa. Mwaka 2007 alianzisha shirika la Malaika, na leo kule Kalebuka wasichana wanasoma bila kulipa. Kazi yake ilimfundisha kusimama mbele ya kamera na kuingia kwenye vyumba wanamokaa watu wenye uwezo, akakipeleka kijiji cha Kalebuka humo humo. Patrick Mudekereza naye alisomea kemia ya viwandani kabla ya kuwa mwandishi na kuongoza kituo cha sanaa cha Waza pale Lubumbashi. Kazi ya zamani haimfungi mtu. Ila inawaonyesha anaona nini upesi, na nini kinampita.

Sasa tuwapime watatu wenu. Mpeni kila mmoja nusu saa na daftari mnaloandikia majina ya watoto. Halafu mwambieni aandike ukurasa mmoja wa kumwomba mfadhili.

Mwandishi wa redio ataanza na mtoto: msichana anayeteka maji kabla ya jua kuchomoza, kisha anashika njia ya shule na daftari moja la masomo yote. Mfadhili atasoma mpaka mwisho. Lakini mkimuuliza mwaka mzima utagharimu kiasi gani, atakuna kichwa. Huyu ana kipaji cha kuwafanya watu wawasikilize. Mwangalieni kwenye picha tu. Asimpige picha yatima akilia ili auze machozi ya mtoto. Aombe ruhusa kwa mlezi, na mtoto aonekane na heshima yake.

Mhasibu ataanza na kalamu ya risasi. Hataandika “vifaa vya shule, dola 500” halafu apumzike. Ataandika: watoto 40, mara madaftari 10, mara bei ya sokoni, na chini yake sare na viatu, kila kitu na mstari wake. Likasi ina bahati na watu wa namna hii. Gécamines iliwafundisha wengi kuweka hesabu, na tangu mpango wa kuondoka kwa hiari wa 2003, uliowatoa wafanyakazi zaidi ya 10,000, wengi walibaki mitaani na ujuzi wao. Barua yake itakuwa kavu kama mhogo wa juani, hilo nakubali. Lakini mfadhili akija kukagua, hamtatetemeka.

Huyu wa ONG atawauliza maswali kabla ya kuandika, na hapo ndipo faida yake. Atasema: “Shule za msingi za serikali ni bure tangu 2019. Sasa ninyi mnalipa nini?” Msikasirike, maana mfadhili atauliza hivyo hivyo. Mkijibu kwamba mnalipa sare, madaftari na ada za wale waliofika sekondari, tayari mradi wenu una miguu. Aliyewahi kukaa upande wa wanaosoma maombi anajua kwa nini mengi hutupwa. Lakini muulizeni kitu kimoja: kule alikuwa anafanya nini hasa? Kuna aliyeandika miradi, kuna aliyesimamia magari, kuna aliyepanga semina. Wote walifanya kazi ya heshima, ila si wote wanaojua kuandika bajeti.

Kuna wa nne hamkumtaja: aliyewahi kushughulikia uhusiano wa kampuni ya mgodi na wanakijiji. Tangu Sheria ya Madini (Code minier) iliporekebishwa mwaka 2018, kampuni inayochimba inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Hiyo ni sheria, si sadaka. Fedha hizo zinasimamiwa na chombo ambamo wawakilishi wa jamii na wa kampuni wanakaa pamoja. Haziendi kwa kila asbl inayobisha hodi. Lakini kama watoto wenu wanatoka maeneo yanayoguswa, mtu anayejua mlango huo anaweza kuwafaa kuliko barua kumi za Ulaya.

Sasa masikio wazi, mdogo wangu.

Akisema, “Msinilipe sasa, nitachukua asilimia 10 ya kitakachopatikana,” mwambieni asante na kwaheri. Najua inasikika kama msaada, kwa vile kisanduku chenu ni kitupu. Lakini kanuni za maadili za AFP, chama cha wachangishaji wa kitaalamu kilichoanzia Marekani mwaka 1960, zinakataza malipo ya namna hiyo. Sababu iko wazi: mfadhili ametoa fedha za daftari la mtoto, hakutoa za kamisheni. Tena mwenye asilimia atakimbilia fedha kubwa hata kama ni za kazi isiyo yenu. Mlipeni kwa siku au kwa kazi: sehemu mwanzoni, inayobaki akimaliza, na yote yaandikwe kwenye mkataba.

Akiahidi kwamba fedha “ni za hakika” kwa sababu ana mtu wake Kinshasa, mfungulieni mlango atoke. Akitaka kutia sahihi kwenye akaunti ya asbl, msimpe hata kalamu. Na akiwaletea mradi ulioandikwa tayari, someni kila ukurasa. Mkikuta jina la kijiji kisicho chenu limesahaulika humo, mmeshajua alikoutoa.

Mwombeni pia namba za asbl mbili alizowahi kuzisaidia. Msiulize kama ni mtu mwema. Ulizeni: aliwaachia nini? Mmoja wenu sasa anaweza kuandika ripoti bila yeye? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Umeniuliza nani, sitakukimbia. Katika barua yako yote hukuniambia kama asbl yenu ina hesabu za mwaka jana, wala hukutaja karatasi zenu za Wizara ya Sheria zinazotakiwa na sheria ya asbl ya 2001. Basi anzeni na mhasibu. Mkubaliane naye siku chache, awanyooshee vitabu na amfundishe mama mmoja kuviendeleza. Vitabu vikisimama, mwiteni mwandishi aandike habari yenu kwa kurasa mbili. Huyu mwenye gari mlipeni saa chache tu, asome mlichoandika na awaulize maswali magumu. Watatu kwa zamu, kila mmoja kwa alichokijua kazini, watawagharimu kidogo kuliko mmoja anayedai kujua vyote.

Na kabla ya kumlipa yeyote, kaeni akina mama peke yenu, mwandike kwa maneno yenu wenyewe mnataka kufanya nini mwakani. Hilo hakuna mshauri wa kuwafanyia.