Tarakilishi Nyingi, Daftari Moja: Jinsi Rekodi za Wagonjwa Zinavyolindwa

Mkazi anayetembelea kituo cha afya siku hizi huenda akamkuta mhudumu akisoma historia ya matibabu yake kwenye tarakilishi. Tarakilishi isiyotunzwa inaweza kupoteza rekodi hizo au kuzifungulia wezi wa mtandaoni. Somo la toleo hili linaeleza jinsi tarakilishi nyingi zinavyoweza kusimamiwa kwa pamoja, ili ya Ziwa au Burnt Forest iwe salama sawa na ya katikati ya jiji la Eldoret.

Zilianza zikiwa mbili

Eneo hili lina historia katika jambo hili. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walikuwa na mfumo wa rekodi za wagonjwa katika Kituo cha Afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret. Ulitumia tarakilishi mbili zilizounganishwa, na betri za nguvu za jua kwa ajili ya umeme kupotea. Uzoefu huo ulichangia kuanzishwa kwa OpenMRS mwaka 2004, na mwaka 2006 mpango wa AMPATH wa hapa Eldoret ukaanza kuitumia.

OpenMRS ni programu huria, yaani haihitaji kulipiwa leseni. Mfumo wa KenyaEMR, unaotumika katika mamia ya vituo vya afya nchini, umejengwa juu yake, na seva zake huendeshwa kwa Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux.

Fundi mmoja anaweza kutunza tarakilishi mbili kwa mkono. Zikiwa mamia, hesabu inabadilika. Kwa mfano, akihitaji nusu siku kwa kila kituo, vituo 60 vitachukua siku 30 za kazi. Akimaliza cha mwisho, cha kwanza kitakuwa kimeshahitaji marekebisho mengine. Tena kila mashine itakuwa na mipangilio yake, na hitilafu ikitokea hakuna atakayejua ilivyotakiwa kuwa.

Mfano wa kijitabu cha kliniki

Wazazi wanafahamu ratiba ya chanjo. Mtoto hupata chanjo anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, awe Turbo au Kesses. Muuguzi hasomi ratiba na kuanza upya kila mama anapofika. Hufungua kijitabu, huangalia kilichokosekana, na kutoa hicho tu.

Usimamizi wa pamoja wa tarakilishi hufuata njia hiyo. Wataalamu huandika daftari moja linaloeleza hali inayotakiwa: toleo la programu, milango ya mtandao inayopaswa kufungwa, saa ya kuhifadhi nakala za akiba, na watumishi wanaoruhusiwa kuingia. Programu maalum hulinganisha kila tarakilishi na daftari hilo na kurekebisha penye upungufu pekee. Ikirudiwa mara kumi, iliyo sawa haiguswi.

Faida huonekana mtumishi anapohamishwa. Daftari likieleza kwamba haruhusiwi tena kuingia, anafungiwa mashine zote, bila fundi kuzunguka kituo hadi kituo.

Kuna njia kuu mbili. Ansible, iliyotolewa mwaka 2012, kwa kawaida hutuma maagizo kutoka makao makuu. Puppet, ya mwaka 2005, huifanya kila tarakilishi ijiulizie yenyewe, kwa kawaida kila baada ya dakika 30. Njia ya pili hufaa sana pale ambapo intaneti hukatika, kwa sababu mashine iliyokosa maagizo asubuhi huyachukua mtandao unaporudi.

Gharama ya kuchelewa

Tarehe 12 Mei 2017, virusi vya WannaCry vilifunga tarakilishi katika nchi nyingi na kudai malipo. Nchini Uingereza, maelfu ya miadi ya wagonjwa iliahirishwa. Tarakilishi zilizovamiwa zilitumia Windows, lakini somo linahusu mifumo yote: marekebisho yalikuwa yametolewa mwezi Machi mwaka huo. Dawa ilikuwapo, haikuwa imefikishwa kwenye kila mashine.

Lakini anayeweza kurekebisha mashine zote kwa pamoja anaweza pia kuziharibu kwa pamoja. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike liliangusha takriban tarakilishi milioni 8.5 za Windows na kusimamisha safari za ndege na huduma za hospitali. Kwa hiyo, usimamizi mzuri una kanuni tatu:

1. Badiliko lijaribiwe kwanza kwenye tarakilishi chache.
2. Kila badiliko liandikwe pamoja na jina la aliyelifanya, ili kurudi nyuma kuwezekane.
3. Funguo za mashine kuu zishikwe na watu wachache wanaojulikana.

Haki ya mkazi

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kuona taarifa zake zinazohifadhiwa na kudai zisahihishwe zikiwa na makosa. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli ya madhara, taasisi inayoishikilia inapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kufahamu.

Saa hizo ni chache kwa taasisi isiyojua kilichomo kwenye mashine zake. Kwa hiyo, katika vikao vya umma kuhusu huduma za afya, mkazi asiulize tu kituo kimeletewa tarakilishi ngapi. Aulize pia mara ya mwisho zilisasishwa lini, nani ana ruhusa ya kuzifungua, na nakala za akiba huhifadhiwa wapi. Daftari likiwapo, majibu hayatachelewa.