Barua Pepe za Chama: Jinsi Katibu Anavyoweza Kuzifikia Akiwa Mbali

Chama cha msingi huendeshwa kwa maandishi. Tarehe ya mnada, mgawo wa pembejeo, wito wa mkutano, hoja za mkaguzi: hayo yote humfikia Katibu katika barua, naye huyajibu kwa barua. Zamani barua hizo zilikuja kwa posta, zikagongwa mhuri wa kupokelewa na kutiwa jaladani. Leo nyingi huja kwa barua pepe, nazo hutunzwa katika seva ya chama kikuu, hali Katibu yuko ghalani kwake, mizani mbele yake na wakulima wamepanga foleni. Somo hili linahusu njia ya kuunganisha pande hizo mbili: simu au kompyuta ya Katibu huku, na seva ya chama kikuu kule.

Mwenye barua ni nani?

Kabla ya kushika simu na kuanza kubonyeza, jambo moja liamuliwe na Bodi ya chama. Katibu asiyeweza kuifikia seva akiwa mbali hujikuta akitumia anwani yake binafsi, pengine ile aliyofunguliwa na kijana wa duka la simu. Kazi huenda vizuri mpaka siku anapoacha kazi, anapofariki dunia, au anapokosana na Bodi. Hapo mikataba ya wanunuzi, orodha za malipo na barua za benki huondoka naye. Katibu mpya hukabidhiwa funguo za kabati, na majalada yamo kabatini. Lakini barua za miaka mitatu hazimo, na mkaguzi anazidai. Ndiyo maana anwani ya chama yapasa kuwa ya wadhifa, wala si ya mtu, na barua zake zikae katika seva ya chama kikuu. Ugumu wa kuifikia seva kutoka mbali si sababu ya kuiacha. Ni kazi ya mara moja, na haimalizi hata asubuhi moja ikiwa fundi na Katibu wanaelewana.

Masjala isiyofungwa

Seva ni kompyuta isiyozimwa, ambayo kazi yake ni kupokea barua, kuzitunza na kuzipeleka. Yaweza kufananishwa na masjala. Programu ya barua iliyo katika simu ya Katibu ni kama tarishi anayetumwa huko masjala. Tarishi huyo ana safari mbili, ya kuchukua barua zilizoingia na ya kupeleka zinazotoka, na kila safari ina mlango wake na sheria zake. Jambo hili huwashangaza wengi. Katibu husoma barua zote bila taabu, lakini akijibu, jibu hugoma kutoka. Akadhani simu imeharibika. Simu ni nzima. Ni kwamba mlango mmoja umefunguliwa na wa pili bado.

Kwa safari ya kuchukua barua kuna desturi mbili. Ya kwanza huitwa POP. Ilianza mwaka 1984, na toleo lake la tatu, POP3, lilitoka mwaka 1988, wakati mtu alikuwa na kompyuta moja na muda wa laini ya simu ulilipiwa ghali. Kwa hiyo tarishi wa POP huingia upesi, huzoa barua zote, na kwa kawaida yake huacha kabati la seva likiwa tupu. Ya pili huitwa IMAP. Ilibuniwa mwaka 1986 na Mark Crispin, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Kwa desturi hii barua hubaki masjala. Simu huonyesha tu kilichopo kule. Katibu akisoma barua kwa simu, huonekana imesomwa hata kwenye kompyuta ya ofisini. Mtunza hazina akipewa ruhusa, naye huiona barua ileile.

Kwa chama cha ushirika uamuzi hapa si mgumu: ni IMAP. Simu inayotumia POP ikitumbukia kisimani, barua za chama huzama nayo. Simu inayotumia IMAP ikizama, hasara ni ya simu peke yake.

Wako wanaosema kwamba IMAP hula bando. Hofu hiyo ina ukweli kidogo, na dawa yake ipo. Programu nyingi huweza kuagizwa zilete kwanza jina la mwandishi na kichwa cha barua, na kiambatisho kisipakuliwe mpaka Katibu akiguse. Tena zaweza kuagizwa zikague barua kila baada ya saa moja badala ya kungoja mtandaoni mchana kutwa. Mahali penye mtandao dhaifu, Katibu na ajizoeze kutazama kisanduku cha barua zinazosubiri kutumwa. Barua iliyo humo bado haijaondoka, hata kama ameshamwambia Mwenyekiti kwamba ameituma.

Milango na namba zake

Seva hutambua safari kwa namba ya mlango. Mlango wa IMAP ulio wazi ni 143, na wa POP ni 110. Neno la siri likipita hapo bila kusimbwa, aliye katikati ya njia, kwa mfano mwenye mtambo wa Wi-Fi katika nyumba ya wageni, anaweza kulisoma kama mtu asomavyo kadi ya posta. Mlango unaofaa ni 993, ambao mazungumzo yake husimbwa kwa kanuni iitwayo TLS tangu neno la kwanza. Januari 2018 jopo la wahandisi wa intaneti liitwalo IETF lilitoa mwongozo kwamba barua zisisomwe wala kukabidhiwa tena kwa njia ya wazi. Fundi anayemwambia Katibu achague pasipo usimbaji ili mambo yaende haraka anampa ushauri mbaya, na akataliwe.

Safari ya kupeleka hutumia kanuni iitwayo SMTP, iliyoandikwa na Jonathan Postel mwezi Agosti 1982. Enzi hizo mitandao ilikuwa michache na watu wake walijuana, hata seva ikikubali kupitisha barua ya yeyote kwenda kwa yeyote. Wema huo ulitumiwa vibaya na wasambazaji wa matangazo na utapeli. Sasa seva iliyowekwa vizuri hukataa kupitisha barua ya mgeni. Nayo humwona Katibu kuwa mgeni akiwa kijijini, ingawa wiki iliyopita, alipokaa ndani ya jengo la chama kikuu, ilimkubali kwa sababu alikuwa katika mtandao wa ndani.

Hapa ndipo mafundi wengine hukosea kwa kutafuta njia ya mkato: huiamuru seva iwapitishie watu wote. Baada ya muda mfupi matapeli huigundua, hupitishia humo maelfu ya barua zao, na seva huandikwa katika orodha za seva zisizoaminika. Kuanzia hapo barua halali za chama kikuu kwa benki na kwa wanunuzi hurudishwa au kutupwa kimya kimya. Msimu wa mauzo haungoji jina kusafishwa.

Njia iliyo sahihi ni mlango 587, uliotengwa mwaka 1998 kwa ajili ya watu kukabidhi barua zao, au mlango 465, ambao husimba tangu mwanzo. Katika milango hiyo Katibu hujitambulisha kwa jina na neno la siri, ndipo seva humpokea popote alipo. Mlango 25 ni wa seva kwa seva, na kampuni nyingi za mtandao huuzuia kwa wateja wao. Kwenye 587 ihakikishwe kwamba usimbaji umewekwa kuwa wa lazima, si wa hiari.

Basi Katibu amwombe fundi wa chama kikuu mambo haya kwa maandishi: jina kamili la seva, namba za milango hiyo miwili, aina ya usimbaji, na jina la kuingilia, ambalo mara nyingi ni anwani nzima ya barua pepe. Akipewa tarakimu zinazoanza na 192.168 badala ya jina, azirudishe. Hizo ni za ndani ya jengo tu. Nje ya hapo hazifiki popote.

Onyo la cheti

Seva hujithibitisha kwa cheti, na simu hukikagua. Ikitoa onyo kwamba cheti hakiaminiki, vidole vina haraka ya kubonyeza "kubali". Visiruhusiwe. Huenda mtu amejifanya seva ya chama. Lakini Katibu atazame kwanza tarehe ya simu yake: simu iliyozimika kwa muda mrefu huweza kurudi miaka mingi nyuma, ikaona cheti kizuri kuwa hakijaanza kutumika. Tarehe ikiwa sawa na onyo likabaki, apige simu kwa fundi na asiendelee.

Neno la siri na akaunti ya benki

Kufungua njia ya mbali kuna gharama yake. Zamani mwizi wa barua za chama alipaswa kuvunja mlango. Sasa neno moja la siri linatosha, naye aweza kuwa nchi nyingine. Mara nyingi mwizi wa namna hii haharibu kitu. Huingia na kusoma kwa utulivu, huweka amri ya kuhamisha nakala za barua kwenda kwake, na hungoja wakati wa malipo. Ndipo mnunuzi hupata barua kutoka anwani ya chama yenyewe, yenye lugha ya Katibu mwenyewe, ikisema kwamba akaunti ya benki imebadilika. Fedha za wakulima huenda, na mnunuzi ana barua ya kuonyesha kwamba alilipa kama alivyoagizwa.

Kwa hiyo neno la siri liwe refu, la mtu mmoja, na lisiwe lile analotumia kwingine. Seva ikiwa na uthibitisho wa pili, utumike. Zipo programu za simu zinazotoa tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30, na hufanya kazi hata pasipo mtandao. Amri za kuhamisha barua zikaguliwe kila mwezi. Simu ikiibiwa, taarifa ifike kwa fundi siku hiyohiyo ili neno la siri libadilishwe na simu hiyo ifungiwe. Na Bodi ipitishe azimio, nalo liwafikie wanunuzi wote kwa barua yenye mhuri, kwamba namba ya akaunti haibadilishwi kwa barua pepe peke yake: lazima mnunuzi apige simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa katika barua mpya.

Wakati wa makabidhiano, neno la siri libadilishwe mbele ya Katibu anayetoka na anayeingia, na tendo hilo liandikwe katika hati ya makabidhiano pamoja na funguo, mihuri na vitabu vya stakabadhi. Kwa vyama vya Tanzania jambo hili lina uzito wa kisheria pia, kwa kuwa majina ya wakulima na namba zao za akaunti ni miongoni mwa yanayolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Maswali ya majadiliano

1. Barua za chama zinatunzwa wapi leo, na Katibu akiacha kazi kesho, nani ataweza kuzisoma?

2. Katibu anasoma barua akiwa nyumbani, lakini seva inakataa majibu yake. Ni mlango upi wa kuchunguzwa kwanza, na kwa nini haifai fundi aiamuru seva iwapitishie watu wote?

3. Mnunuzi amepokea barua pepe ya kubadilisha akaunti ya chama. Bodi ilimwelekeza afanye nini, na maelekezo hayo yameandikwa wapi?