KANISA LISILO NA PAA

Wanakisomo wenzetu, leo somo letu litatupeleka mbali. Tutakwenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kutembelea nyumba ya kale ya watawa iitwayo Carmo. Huenda mmoja wetu akauliza: "Sisi wakulima, nyumba ya watawa wa Ulaya yatuhusu nini?" Tuwe na subira. Kabla ya kumaliza somo tutaona kwamba nyumba ile ina habari inayotugusa hata sisi.

Nyumba ya watawa ni nini?

Ni mahali wanapoishi pamoja watu waliojitoa kwa ajili ya dini. Husali pamoja, hula pamoja, hufanya kazi pamoja. Carmo ilikuwa ya watawa wanaume wa shirika la Wakarmeli. Aliyeianzisha, mwaka 1389, ni Nuno Álvares Pereira. Huyu alikuwa jemadari aliyewaongoza Wareno kulishinda jeshi la ufalme jirani wa Castile mwaka 1385. Uzeeni aliacha vyeo na mali, akaingia mwenyewe katika nyumba ile mwaka 1423. Akafia humo mwaka 1431.

Ilijengwaje?

Kanisa la Carmo lilijengwa kwa mtindo uitwao Gothiki. Tao lake lina ncha juu. Hebu inua mikono miwili, gusanisha vidole vya juu. Tao la Gothiki liko hivyo. Tao la namna hii hupeleka uzito wa paa kwenye nguzo. Basi kuta zinaweza kwenda juu sana, na madirisha yakawa makubwa. Lakini uzito husukuma nguzo kwenda nje. Kwa hiyo mafundi walijenga mihimili ya mawe upande wa nje, kama sisi tunavyoegemeza gogo kwenye ukuta unaotaka kulala. Na Carmo iko kwenye mteremko wa kilima, kwa hiyo mihimili hiyo si mchezo.

Siku ya tetemeko

Tarehe 1 Novemba 1755 ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote. Asubuhi hiyo makanisa ya Lisbon yalijaa watu. Ghafla ardhi ikatetemeka. Kisha moto ukawaka mjini, na maji ya bahari yakapanda mtoni kwa nguvu. Maelfu ya watu walikufa. Paa la Carmo likaanguka, na vitabu vya watawa vikateketea.

Baadaye watu walianza kulijenga upya kwa mtindo uleule. Kwa hiyo baadhi ya matao tunayoyaona leo ni ya baada ya tetemeko. Mwaka 1834 serikali ya Ureno ilivunja mashirika ya watawa, kazi ikasimama. Paa halikurudi tena. Mwaka 1864 mahali hapo pakaanzishwa makumbusho.

Mgeni anayeingia leo hulipa kiingilio. Akiinua macho haoni dari, anaona matao matupu na mbingu. Mvua ikinyesha, inanyesha ndani. Upande wa mbele, penye paa, yamehifadhiwa mambo ya kale, pamoja na kaburi la Mfalme Fernando wa Kwanza, aliyefariki mwaka 1383.

Habari inayotugusa

Sasa tufike pale tulipoahidi. Makao ya watawa, kando ya kanisa, yaligeuzwa kambi ya askari. Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno waliasi serikali yao ya kidikteta. Waziri Mkuu, Marcelo Caetano, alikimbilia ndani ya kambi ya Carmo. Kapteni Salgueiro Maia akaizingira na askari wake. Wananchi wakajaa uwanjani. Jioni Caetano akasalimu amri.

Kwa nini waliasi? Sababu kubwa ni kwamba walichoka na vita vya kutawala Afrika. Chama cha FRELIMO, kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilikuwa kikipigana Msumbiji tangu mwaka 1964. Wazee wa kando ya mto Ruvuma wanakumbuka wakimbizi na mabomu ya siku zile. Baada ya siku ile ya Carmo, mambo yalikwenda mbio. Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Jamani, si nyumba ya mbali tena!

Tunajifunza nini?

Wareno wangeweza kusema: "Haya ni mawe tu, tuyabomoe tujengee maduka." Lakini wameyaacha. Mtoto akiuliza paa liko wapi, anasimuliwa habari za mwaka 1755. Akiuliza juu ya kambi, anasimuliwa habari za mwaka 1974.

Nasi tunayo magofu yetu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ni wa zamani kuliko Carmo. Wareno hao hao waliuteka mji ule mwaka 1505. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini magofu madogo hayamo katika orodha yoyote. Hayo yanatutegemea sisi. Anayebeba jiwe la gofu kwenda kujengea jiko anapata jiko, lakini wajukuu wake wanapoteza ushahidi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini nguzo za Gothiki zinahitaji mihimili ya nje?
2. Kwa nini kanisa la Carmo halina paa hadi leo?
3. Kijijini kwetu kuna gofu, kaburi la kale au mti wa mkutano? Nani anajua habari zake? Mwendeeni mzee huyo wiki hii, mkaziandike.